Jeni za Ubongo na Toni za Lugha: Nadharia Moja ya Kisayansi Ikipimwa kwa Kihaya na Kiswahili

Wanaochunguza lugha za Kibantu hawana desturi ya kusoma majarida ya elimu ya viumbe, na wanaochunguza jeni hawana desturi ya kusoma sarufi za Kibantu. Hata hivyo, mwaka 2007 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Dan Dediu na D. Robert Ladd, walitoa makala ambayo yalizikutanisha elimu hizo mbili ghafula. Walisema kwamba huenda upo uhusiano kati ya jeni mbili zinazohusika na ukuaji wa ubongo wa binadamu na kuwapo au kutokuwapo kwa toni katika lugha. Jeni zenyewe hawakuzivumbua wao. Zilikuwa zimekwisha kupata sifa, na lawama pia, miaka miwili kabla, kutokana na utafiti wa Bruce Lahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Jambo hili linaihusu Afrika Mashariki kuliko nchi nyingi nyingine. Hapa lugha zenye toni na zisizo na toni zimekaa ujirani, na mara nyingi zimo katika kinywa cha mtu mmoja. Mtoto wa Kibeta, mjini Bukoba, husema Kihaya nyumbani kwao, lugha yenye toni. Akifika shuleni au sokoni husema Kiswahili, lugha isiyo na toni. Kwa hiyo yafaa kueleza utafiti huo ulisema nini hasa, ulijibiwaje, na ushahidi wa lugha za hapa waweza kuongeza nini katika mizani.

Jeni mbili na kazi yake

Jeni ni sehemu ya urithi ambayo kila kiumbe hupokea kutoka kwa wazazi wake. Ni kama agizo lililoandikwa ndani ya seli, likieleza jinsi ya kutengeneza protini fulani. Mwaka 2002 wanasayansi waligundua kwamba jeni inayoitwa ASPM na nyingine inayoitwa Microcephalin, zikiharibika, husababisha ugonjwa wa kuzaliwa na kichwa kidogo mno. Mtoto wa namna hiyo huwa na viungo vingine vilivyo sawa, lakini ubongo wake haukui kufikia kadiri ya kawaida, na mara nyingi akili yake hudumaa. Ugonjwa huo hutokea pale ambapo mtoto amepokea nakala iliyoharibika kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama.

Sababu yake hueleweka kwa kutazama jinsi ubongo unavyojengwa. Mtoto angali tumboni, seli changa za ubongo hugawanyika mara nyingi. Mwanzoni kila seli huzaa seli mbili changa kama yenyewe, na hivyo akiba huongezeka maradufu. Baadaye mgawanyiko hubadilika, na seli huanza kuzaa zile za neva ambazo hazigawanyiki tena. Protini ya ASPM husaidia kuuelekeza mgawanyiko huo. Ikikosekana, seli changa huacha mapema kuzaa za mfano wake, akiba huwa ndogo, na ubongo nao huwa mdogo.

Si ajabu basi kwamba wanaochunguza mageuko ya binadamu walivutiwa na jeni hizi. Historia ya ubongo wa binadamu imeandikwa kwa sehemu kubwa katika ardhi ya Tanzania. Fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lililopewa jina la Zinjanthropus, lilikuwa na nafasi ya ubongo ya sentimita za ujazo zipatazo 500 na kitu. Mtu wa leo anazo kiasi cha 1,350. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walitangaza kutoka bonde hilohilo kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, wakamwita Homo habilis. Lakini mifupa huonyesha kwamba ubongo umekua. Haionyeshi ni agizo gani la urithi lililobadilika hata ukakua. Lahn na wenzake walitaka kulijibu swali hilo la pili.

Madai ya mwaka 2005

Lahn alizaliwa Uchina, akasoma Marekani, na kabla ya kazi hii alikuwa amejulikana kwa uchunguzi wa jinsi kromosomu za jinsia zilivyogeuka. Mwaka 2004 kundi lake lilionyesha kwamba jeni nyingi zinazohusika na mfumo wa neva zilibadilika upesi zaidi katika ukoo wa nyani na binadamu kuliko katika ukoo wa panya. Kisha, Septemba 2005, makala mawili yakatoka pamoja katika jarida la Science. Miongoni mwa walioyaandika pamoja na Lahn alikuwamo Sarah Tishkoff, mtaalamu ambaye amechunguza sana jeni za watu wa Afrika, wakiwamo wa Tanzania.

Makala hayo yalieleza kwamba kila moja ya jeni hizo mbili ina sura mpya iliyoenea duniani kwa haraka. Sura mpya ya Microcephalin ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 37,000 hivi, na ile ya ASPM miaka 5,800 tu. Kwa maoni ya watafiti, kasi ya kuenea ilikuwa kubwa kuliko inavyoweza kuelezwa kwa bahati, na hivyo yamkini uteuzi wa asili uliipendelea sura hiyo mpya. Wakaongeza kwamba umri wa ile ya kwanza unakaribiana na wakati wa kuonekana kwa sanaa na mapambo huko Ulaya, na umri wa ile ya pili unakaribiana na kuanzishwa kwa miji na maandishi katika Mashariki ya Kati. Tena sura hizo mpya zilionekana kwa wingi Ulaya, Asia na kwingineko, na kwa uchache katika Afrika iliyo kusini ya Sahara.

Hapa ndipo moto ulipowaka. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba sura mpya huongeza akili, nao walikiri kwamba faida yake haijulikani. Lakini jeni ya ubongo, maandishi, miji na uchache katika Afrika vikiwekwa katika ukurasa mmoja, msomaji mwenye haraka hujitungia hitimisho lake mwenyewe. Wako waliofurahi kuyatumia makala hayo kuhuisha itikadi ya zamani ya kupanga mataifa ya watu kwa vyeo vya akili.

Majibu ya wanasayansi wenzao

Sayansi ilijibu kwa vipimo, na majibu hayakukawia. Mwaka 2006 Mathias Currat na wenzake walionyesha kwamba mtawanyiko wa namna hiyo waweza kutokea bila uteuzi wowote: watu wachache wakitoka mahali pamoja na kuongezeka katika nchi mpya, sura ya jeni iliyokuwa adimu yaweza kuenea kwa bahati ya safari tu. Mwaka 2007 watafiti wengine waliilinganisha ASPM na sehemu nyingi nyingine za urithi, wakaona kwamba haikuwa na ajabu ya kutosha kuitenga na hizo.

Kuhusu ukubwa wa ubongo, mwaka 2006 watu wenye afya walipimwa kwa picha za ubongo, na haikuonekana tofauti kati ya wenye sura mpya na wasio nayo. Kuhusu akili, mwaka 2007 yalitoka makala ambayo Lahn mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wake, nayo yalisema wazi kwamba kuenea kwa sura hizo hakuelezwi kwa kuongezeka kwa akili. Hili ni jambo la kuheshimiwa, kwani mtafiti alikubali dhana iliyozaliwa na kazi yake ipimwe, na ilipopimwa haikusimama.

Somo la kwanza kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba kuharibika kwa kitu si kipimo cha tofauti zake za kawaida. Jeni ikivunjika kabisa ubongo hudumaa, lakini haifuati kwamba sura zake mbili zilizo nzima hutoa bongo mbili zisizo sawa. Mlango ukivunjwa nyumba haikaliki. Lakini nyumba yenye mlango wa mninga na nyumba yenye mlango wa mvule zote hukalika.

Dhana ya toni

Dediu na Ladd waliichukua habari hiyo upande mwingine kabisa. Hawakuuliza habari za akili, bali habari za sauti. Walikusanya habari za makundi 49 ya watu, sura 983 za jeni na sifa 26 za lugha, wakatafuta ni zipi zinazokwenda pamoja. Waliona kwamba mahali ambapo sura mpya za ASPM na Microcephalin ni chache, lugha huelekea kuwa na toni. Na mahali ambapo ni nyingi, lugha huelekea kutokuwa nayo. Waliondoa kwa hesabu athari ya ujirani na ya asili moja ya lugha, na uhusiano huo ukabaki.

Yapasa kulieleza dai lao kwa haki. Hawakusema kwamba mtu mwenye jeni fulani hawezi kujifunza toni. Walisema waziwazi kwamba mtoto yeyote hujifunza lugha yoyote anayolelewa nayo. Walichodhani ni kwamba jeni huenda zikaleta mwelekeo mdogo sana katika kusikia au kushika mabadiliko ya sauti. Mwelekeo huo hauonekani kwa mtu mmoja, lakini ukipita kwa vizazi vingi huweza kuisukuma lugha polepole, kama upepo hafifu unavyoiinamisha minazi ya pwani kwa muda wa miaka.

Dhana hiyo haikufa. Mwaka 2020 Patrick Wong na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wasemaji wa Kikantoni, lugha ya Kichina yenye toni nyingi, wakaona kwamba sura za ASPM zina uhusiano na wepesi wa kupambanua toni. Tofauti hizo hazikumzuia yeyote kuisema lugha yake. Kwa hiyo jambo lenyewe bado ni swali halali la kisayansi, na Afrika Mashariki inayo haki ya kulichangia.

Kihaya: toni katika kazi

Anayedhani kwamba toni ni pambo la sauti tu, na akitazame Kihaya. Sarufi iliyotungwa na Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman mwaka 1977 imeifanya lugha hii kuwa mojawapo ya mifano mashuhuri katika elimu ya toni za Kibantu. Mashina ya vitenzi vyake yamegawanyika makundi mawili, yale yenye toni ya juu na yale yasiyo nayo. Toni husaidia kupambanua nyakati. Katika nyakati fulani toni ya kitenzi hubadilika kwa kutegemea kama kitenzi kinafuatwa na neno jingine katika kirai au kinasimama mwisho. Hali kadhalika, toni ya juu iliyo kwenye silabi ya mwisho hurudi nyuma silabi moja neno linapoangukia kituo cha usemi.

Mambo haya mtoto hafundishwi na mtu. Kwa kawaida toni hazitiwi alama katika maandishi ya Kihaya, na mzazi hawezi kuzitaja kanuni hizo kwa majina. Walakini mtoto wa Kibeta au wa Muleba huzishika akiwa mdogo, wakati ule ambapo ubongo wake unakua kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine baada ya kuzaliwa. Binadamu huzaliwa na ubongo ulio kama robo tu ya ule wa mtu mzima, au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya ukuaji hutimia nje ya tumbo, kati ya sauti za watu. Jambo hili labda lina uzito kuliko jeni yoyote moja: urithi wa binadamu ni ubongo uliochelewa kukomaa, ili ukomae ukisikia.

Ndipo unapokuja ushahidi wa Bukoba. Chukuliwa mzazi na mzazi, wote Wahaya, wenye watoto wawili: mmoja amekulia kijijini kwa bibi yake, mwingine Dar es Salaam. Wa kwanza hushika toni zote za Kihaya. Wa pili, asiyesikia ila Kiswahili, hukua bila toni za maneno. Akijaribu kusema Kihaya ukubwani husahihishwa na kuchekwa. Chemchemi ya jeni zao ni moja. Toni imetoweka katika kizazi kimoja, bila jeni yoyote kubadilika. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kiswahili na jamaa zake

Ushahidi wa Kiswahili ni wa muda mrefu zaidi. Wataalamu wa historia ya Kibantu, na hasa A. E. Meeussen katika kazi yake ya mwaka 1967, wameonyesha kwamba lugha mama ya Kibantu ilikuwa na toni mbili, ya juu na ya chini. Kiswahili kimezipoteza, kikabaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Baki ya kupambanua maneno kwa sauti ni haba sana. Mfano unaotajwa siku zote ni barabára, njia kuu, na barábara, yaani sawasawa.

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili kilipoteza toni kwa kukutana na wageni wa bahari, ambao wengi wao walijifunza lugha hii ukubwani. Sababu hiyo ina nguvu, lakini haitoshi peke yake. Kigiriama na Kidigo, ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, vimo pwani hiyohiyo navyo vina toni. Kwa upande mwingine, Kinyakyusa, kilichoko milimani Rungwe mbali na bahari, kimepoteza toni. Basi, ikiwa mtu ataka kuweka sababu kwenye jeni, itampasa aeleze kwa nini Mgiriama na Mswahili jirani yake, walioana kwa karne nyingi, wametofautiana. Na kwa nini Mnyakyusa amefuata njia ya Mswahili ambaye hakukaa naye.

Haki itendeke kwa Dediu na Ladd pia. Mwelekeo wa takwimu hauvunjwi na mifano michache inayokwenda kinyume. Lakini mifano hii huonyesha kadiri ya nguvu za kila upande. Kama upo upepo wa jeni, ni hafifu mno, na historia ya watu huugeuza upendavyo. Tena orodha ya makundi 49 ni ndogo kwa dunia nzima, na ni ndogo zaidi kwa bara lenye tofauti nyingi za jeni kuliko mabara mengine. Tanzania peke yake ina lugha za Kibantu, za Kikushi na za Kiniloti, pamoja na Kisandawe na Kihadza.

Ubongo, akili na maandishi

Limebaki lile neno la maandishi na miji. Kiswahili hutenga ubongo na akili. Kihaya nacho husema obwongo kwa kile kilichomo kichwani, na amagezi kwa ujuzi na busara. Lugha zote mbili hujua kwamba cha kwanza mtu huzaliwa nacho, na cha pili huongezewa na watu na siku. Waliosoma makala ya 2005 kwa pupa waliliruka pengo hilo.

Historia ya Buhaya hulionyesha pengo lenyewe. Wamisionari wa Kikatoliki walianzisha kituo cha Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Kabla ya hapo Wahaya walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Baada ya vizazi vichache nchi yao ikajulikana kwa shule na wasomi wake. Muda huo ni mfupi mno kwa uteuzi wa asili kufanya lolote. Na kabla ya kalamu hawakuwa watu wasio na kazi za akili: M. M. Mulokozi, aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ameandika juu ya tenzi za enanga, tungo ndefu za kishujaa ambazo manju wa Buhaya walizihifadhi kichwani na kuzighani kwa kinanda, wakizipanga upya kila wanapoghani. Ubongo uliotunga Rukiza bila maandishi haukungoja sura mpya ya ASPM.

Kazi inayowangoja wataalamu wa lugha

Kutokana na habari hizi mambo matatu yaonekana kuwa ya lazima. La kwanza ni kuziandika toni. Kamusi nyingi za lugha za Tanzania hazionyeshi toni, na lugha isiyoonyeshwa toni zake huingia katika takwimu za dunia kwa alama moja tu, ‘inayo’ au ‘haina’. Alama hiyo huificha tofauti kubwa iliyopo kati ya lugha kama Kihaya, ambamo toni hufanya kazi zaidi katika sarufi, na lugha kama Kikantoni, ambamo hupambanua neno na neno. Hesabu ikijengwa juu ya alama hiyo, kosa la mwanasarufi huwa kosa la mwanajeni.

La pili ni kupima watu waliolelewa katika lugha mbalimbali, wala si makabila. Bukoba ni mahali pema kwa kazi hiyo, kwa kuwa wamo watu wa ukoo mmoja waliolelewa kwa Kihaya, kwa Kiswahili, na kwa lugha zote mbili. Wakipimwa masikio yao kwa hiari yao na kwa kuelezwa kila jambo, itawezekana kutenga athari ya malezi na athari ya urithi, jambo ambalo ramani ya dunia haiwezi kulifanya.

La tatu ni istilahi. Maneno jeni, urithi, mageuko, uteuzi wa asili na akili yamekwisha kuingia katika vitabu vya shule, lakini mara nyingi hutumiwa bila mipaka, hata mwanafunzi akadhani kwamba lugha hurithiwa kama rangi ya macho. Anayeyafafanua maneno hayo kwa Kiswahili safi huwapa wasomaji chombo cha kulipima dai lijalo wenyewe, kabla halijafika kwao likiwa limekwisha kutafsiriwa na wengine.